Motokaa za Nyumbani: Maneno ya Wenye Kuzitumia



Katika miezi hii walimu kadhaa wametuuliza neno moja, kila mtu kwa njia yake: Je, mtu mwenye mshahara wa kadiri, mwenye mke na watoto, akitaka kununua motokaa, anunue ipi? Swali hili si dogo. Katika nyumba nyingi motokaa ni kitu cha pili kwa thamani baada ya nyumba yenyewe, na pengine ni cha kwanza. Ikichaguliwa vema, itawapeleka watoto shuleni, na mgonjwa hospitali, na mazao sokoni, kwa miaka kumi na zaidi. Ikichaguliwa vibaya, itasimama chini ya mwembe ikila kutu, na deni lake lingali halijaisha.

Kwa hiyo nimewaendea watu walio na motokaa, wengine wa mjini na wengine wa bara, nikawasikiliza. Sikuwauliza wauzaji, maana mwuza samaki hatangazi kwamba samaki wake wameoza. Niliwauliza wale wanaonunua petroli kwa fedha zao wenyewe. Majina yao siyataji, lakini maneno yao nimeyaandika kama walivyoyasema, na pale walipopingana nimeyaweka yote mawili, ili msomaji apime.

Habari yetu ni ya motokaa ndogo zenye milango minne, viti vya watu watano, na buti nyuma, zile ambazo watu huziita saluni. Malori, mabasi, na motokaa ndefu za porini tunaziacha kwa siku nyingine.

Wazee na Pijo

Ukitaka kumfurahisha mzee aliyepata kuendesha motokaa zamani, mtajie Peugeot, ambayo watu wetu huiita Pijo. Mzee mmoja aliyekuwa mkaguzi wa shule aliniambia, "Bwana mwalimu, motokaa za leo ni mayai. Pijo ilikuwa ngamia." Nikamwuliza sababu. Akanijibu kwamba springi zake zilikuwa na mwendo mrefu, hata gurudumu likizama katika shimo, watu waliomo ndani walitikisika kidogo tu kama watu walio mashuani.

Sifa hii ina ushahidi. Pijo 404 ilitolewa mwaka 1960, nayo ilijaribiwa barabarani kwetu mbele ya macho ya watu wote. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, yalipita katika Kenya, Uganda na Tanganyika, juu ya vumbi na matope ya majira ya mvua. Mwaka 1963 motokaa 84 ziliondoka, zikarudi 7 tu. Na ya kwanza ilikuwa Pijo 404 iliyoendeshwa na Nick Nowicki pamoja na Paddy Cliff. Mwaka 1966 na 1967 mshindi alikuwa Bert Shankland, aliyekuwa akikaa Tanzania, naye pia katika 404. Mwaka 1968 zikaondoka motokaa 93, zikafika tena 7 tu, na Nowicki na Cliff wakashinda mara ya pili kwa Pijo ile ile ya aina ya 404. Basi watu walipoona kwamba motokaa yenye umbo kama ile ya daktari au ya mfanyabiashara wa mtaani imepita mahali ambapo nyingine zilivunjika, hawakuhitaji matangazo.

Baada yake ikaja 504, iliyotolewa mwaka 1968, ikachaguliwa huko Ulaya kuwa motokaa bora ya mwaka 1969. Hiyo iliunganishwa hata katika Afrika yenyewe: Nigeria katika mji wa Kaduna tangu mwaka 1975, na Kenya pia. Ile yenye mgongo mrefu na viti vya safu tatu ilichukua abiria wa safari za mbali katika nchi nyingi, na wengi walioenda shule za bweni wakati ule wanakumbuka harufu ya viti vyake.

Walakini si wote wanaomkubali mzee. Mwanawe, ambaye ni mwalimu wa hesabu, alikuwapo akacheka. Akasema, "Baba anasifu ujana wake. Haelezi petroli iliyonywewa na kabureta ile, wala hasemi jinsi alivyokuwa akifungua boneti kila Jumamosi." Tena akasema neno ambalo mzee mwenyewe hakulipinga: leo vyombo vya kubadilisha, yaani spea, za motokaa hizo ni shida kupatikana, na mafundi waliozijua wamezeeka. Kitu kizuri kisicho na spea ni kama jembe zuri lisilo na mpini. Basi Pijo ya zamani yamfaa mtu aipendaye kwa ajili ya kumbukumbu, lakini mwenye watoto wa kupeleka shuleni kila asubuhi aangalie kwingine.

Jinsi Corolla Ilivyoingia

Toyota Corolla ilitolewa Japani mwaka 1966. Injini yake ya kwanza ilikuwa ya ujazo wa 1,077 cc. Mkuu wa watu walioibuni, Tatsuo Hasegawa, alikuwa kwanza mhandisi wa ndege. Nia yao ilikuwa kufanya motokaa ambayo mtu wa kawaida aweza kuinunua, isiyo na upungufu mkubwa mahali popote. Katika mwaka 1983 saluni yake ilianza kuvutwa na magurudumu ya mbele, na kwa njia hiyo ikapata nafasi zaidi ndani. Hata mwaka 2021 jumla ya Corolla zilizouzwa ulimwenguni ilikuwa imepita 50,000,000, wala hakuna motokaa ya jina moja iliyofikia hesabu hiyo.

Kwetu sisi Corolla nyingi zimekuja zikiwa zimekwisha kutumiwa. Sababu zake ni mbili, na yafaa zijulikane. Ya kwanza, Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi wa Kenya, Uganda na Tanzania, kwa hiyo usukani wao uko kuumeni kama wetu. Ya pili, huko Japani motokaa mpya hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na ukaguzi huo, uitwao shaken, una gharama nyingi. Watu wengi huona ni heri kuiuza motokaa ingali nzima kuliko kulipa tena na tena. Ndipo zinapopakiwa melini, zikashushwa Mombasa na Dar es Salaam.

Bibi mmoja, mwuguzi, anayo Corolla ya miaka ya tisini, ile ambayo mafundi huiita kwa namba, 110. Ameitumia miaka mingi. Akaniambia, "Sina la kuisifu sana, wala sina la kuilaumu. Asubuhi nawasha, yawaka." Nami nikafikiri ya kuwa hakuna sifa iliyo kubwa kuliko hiyo. Injini yake ni ile ya 5A, ya 1,498 cc, yenye mkanda wa taimingi. Mkanda huo ulimkatikia njiani siku moja usiku, motokaa ikazimika. Alidhani injini imekufa. Fundi akaweka mkanda mpya, injini ikaamka kana kwamba haikupatwa na neno. Na hii si bahati yake peke yake: katika injini hii vali na pistoni hazigongani mkanda ukatikapo. Katika injini za motokaa nyingine nyingi hugongana, na hasara yake ni kubwa mno. Kwa hiyo anunuaye motokaa yenye mkanda na aulize ulibadilishwa lini, na asipopata jibu la hakika aubadilishe mara moja. Desturi ni kuubadilisha kila kilometa 100,000 au kabla yake.

Premio na Ndugu Zake

Vijana na watu wa makamo wengi leo huzungumza habari za Toyota Premio na Allion. Hizi mbili zilitengenezwa tangu mwaka 2001 hata mwaka 2021. Ni ndugu wa tumbo moja, zimetofautiana sura tu. Wenye nazo husifu utulivu wake, viti vyake vipana, na buti iwezayo kumeza masanduku matatu ya mwanafunzi wa bweni.

Lakini jihadharini na neno hili, maana ndilo lililowatia wengi hasarani: motokaa mbili zenye jina moja na rangi moja zaweza kuwa na injini mbalimbali kabisa. Mwenye injini ya 1NZ, ya 1,496 cc, husema haina matata. Hutumia cheni mahali pa mkanda, na spea zake zimejaa kila duka, kwa kuwa injini hiyo hiyo imo katika Vitz na IST na nyingine nyingi. Mwenye injini ya 1ZZ, ya 1,794 cc, husifu nguvu zake mlimani. Ila zile zilizotengenezwa mapema, kabla ya mwaka 2005, zina sifa ya kula oili, kwa sababu ya jinsi pistoni zake zilivyofanywa. Mwenye kuwa nayo hana budi kuangalia kijiti cha oili kila juma, wala asingoje taa nyekundu. Na mwenye ile ya lita mbili iitwayo D-4, ambayo hurusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hulalamika zaidi ya wote. Injini hiyo yataka petroli safi, na petroli ya vituo vyetu si safi siku zote.

Tena kuna jambo la gia. Premio za tangu mwaka 2007 zenye injini ya 1,500 na ya 1,800 hutumia gia za namna ya CVT, zisizo na ngazi za gia za kawaida bali mkanda wa chuma unaopanda na kushuka polepole. Gia hizi zina mafuta yake pekee. Mwalimu mkuu mmoja alimwachia fundi wa njiani amtilie mafuta yoyote ya otomatiki yaliyokuwapo dukani. Haukupita muda mrefu motokaa ikaanza kutetemeka kila ikiondoka, na mwishowe akalazimika kununua gia boksi nyingine. Kopo moja la mafuta lilimgharimu mshahara wa miezi. Basi soma kitabu cha motokaa, au soma maandishi yaliyo juu ya kijiti na kifuniko, kabla hujamruhusu mtu kumimina chochote.

Mambo Wanayobishania

Jambo la kwanza ni petroli. Kila mtu husema motokaa yake hainywi, na ya jirani hunywa. Maneno haya hayana faida pasipo kipimo, na kipimo chake ni rahisi hata mtoto wa darasa la tano aweza kukifanya. Jaza tangi mpaka juu, andika kilometa zilizo katika saa ya motokaa. Tembea siku zako zote kama ilivyo desturi. Kisha jaza tena mpaka juu katika kituo kile kile, uangalie lita zilizoingia. Ukiwa umekwenda kilometa 456, na lita zilizoingia ni 38, gawanya: umepata kilometa 12 kwa lita moja. Fanya hivyo mara tatu ndipo uamini.

Tena hesabu hiyo ina maana nyumbani. Mtu aendaye kilometa 40 kwa siku, siku 22 za kazi katika mwezi, huenda kilometa 880. Motokaa ya kilometa 12 kwa lita itamtaka lita 73 hivi. Motokaa ya kilometa 9 kwa lita itamtaka karibu lita 98. Tofauti ni zaidi ya lita 24 kila mwezi, na kwa mwaka ni karibu lita 290. Aziweke katika bei ya petroli ya kwao, ataona kama ile injini kubwa aliyoitamani ni ada ya shule ya mtoto mmoja au siyo.

Jambo la pili ni tumbo la motokaa kugusa ardhi. Saluni nyingi zina nafasi ya sentimeta 15 hivi kati ya tumbo na barabara, na njia zetu za vijijini hazikutengenezwa kwa kipimo hicho. Watu wa bara huinua motokaa zao kwa kuweka vipande vya mpira au chuma juu ya springi. Wengine husifu kazi hiyo. Fundi mmoja mzee aliwakanya, akasema kwamba ukiinua kidogo husaidia, lakini ukizidisha, mihimili ya magurudumu ya mbele hupinda kuliko desturi na kuchakaa upesi, na motokaa huyumba katika kona. Shauri lake ni hili: badala ya kuinua, punguza mzigo, jaza upepo wa tairi kwa kipimo kilichoandikwa katika nguzo ya mlango wa dereva, na upite polepole.

Jambo la tatu ni kipoza-joto cha injini. Mafundi wengi wa huku hung'oa themostati, wakidai ya kuwa nchi yetu ni ya joto haina haja nayo. Wenye motokaa wamegawanyika, lakini haki iko upande mmoja. Themostati huiwezesha injini kufikia joto lake la kazi upesi na kudumu nalo. Ikiondolewa, injini hufanya kazi ikiwa baridi, hula petroli zaidi na huchakaa. Na ikiwa motokaa yachemka, ugonjwa uko mahali pengine: rejeta imeziba, au feni haizunguki, au maji yanavuja. Kuondoa themostati ni kumnyamazisha mbwa anayebweka na kumwacha mwizi ndani.

Kuna na jambo la kuchekesha. Motokaa nyingi zitokazo Japani huzungumza Kijapani. Kila asubuhi ukiwasha, sauti ya bibi yakuambia jambo. Watoto wa jirani yangu walimpa hata jina na kumwitikia salamu. Kumbe husema tu kwamba kadi ya kulipia barabara za huko haijatiwa. Na redio zake hazikamati stesheni zetu nyingi, maana redio za zamani za Japani huishia namba 90, hali stesheni zetu huendelea hata 108. Hilo si uharibifu. Kuna kidude kidogo cha kugeuza masafa, na mafundi wa redio wakijua.

Hila za Sokoni

Sasa nafika penye uchungu. Mwalimu mwenzangu alinunua saluni nyeupe, nzuri ya kutazamwa, kwa fedha ya mkopo wa miaka minne. Saa yake ilionyesha kilometa 68,000. Baada ya muda mchache injini ikaanza kutoa moshi wa samawati. Fundi mwaminifu alipoichunguza alikuta mpira wa pedali ya breki umelika mpaka chuma, na ngozi ya usukani imeng'aa kama kisigino. Akasema, "Motokaa hii imekwenda mara tatu ya hesabu hii." Mwuzaji alipoulizwa alisema yeye naye aliuziwa hivyo. Mwalimu huyo aliendelea kulipa mkopo wa motokaa isiyotembea, na mkewe akauza cherehani yake.

Kwa sababu hiyo nimewauliza wenye ujuzi njia za kujikinga, nao wamenipa hizi.

Kwanza, usiamini saa ya motokaa peke yake, hasa zile za umeme, maana hubadilishwa kwa dakika chache. Tazama pedali, usukani, kiti cha dereva, na fimbo ya gia. Vitu hivi havisemi uongo.

Pili, motokaa nyingi za Japani huuzwa kwanza mnadani, na huko huandikiwa karatasi ya ukaguzi yenye daraja na kilometa zake. Daraja la 4 au 4.5 ni zuri. Herufi R maana yake iligongwa ikatengenezwa. Omba karatasi hiyo, kisha linganisha namba ya shasi iliyoandikwa na ile iliyopigwa katika chuma.

Tatu, jua mwaka wa kweli. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho. Katika motokaa nyingi utaona kitambaa kilichoshonwa chenye mwaka wa kutengenezwa. Neno hili lina uzito hata katika ushuru. Kenya hairuhusu kuingiza motokaa iliyotumika iliyozidi miaka minane. Uganda tangu mwaka 2018 imekataza zilizozidi miaka 15. Tanzania haikukataza, bali motokaa kuukuu hutozwa ushuru zaidi.

Nne, soma tairi. Ubavuni mwake kuna tarakimu nne. Ukiona 2319, maana yake ilitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2019. Tairi yenye maua mazuri yaweza kuwa mzee aliyepakwa rangi. Tena zingine huja na tairi za theluji, ambazo mpira wake ni laini. Juu ya lami yetu ya moto hulika upesi na hazishiki vema.

Tano, washa ufunguo utazame taa ya mifuko ya hewa, yenye herufi SRS. Yapasa iwake sekunde chache, kisha izime yenyewe. Isipowaka kabisa, huenda mtu ameondoa balbu yake ili kuficha kwamba mifuko ilikwisha kupasuka katika ajali.

Sita, mchukue fundi wako mwenyewe, umlipe wewe. Fundi aliyeletwa na mwuzaji ni shahidi wa upande mmoja.

Watoto Ndani ya Motokaa

Katika mazungumzo yote, neno hili halikutajwa na mwanamume hata mmoja mpaka nilipouliza. Akina mama ndio walioanza kulitaja. Yule mwuguzi wa Corolla, ambaye katika kazi yake amewapokea waliopatwa na ajali, alisema, "Watu huniuliza rangi na petroli. Hawaniulizi kama mikanda ya nyuma inafungika." Katika motokaa nyingi mikanda ya nyuma imesukumwa chini ya kiti, na juu yake kumetandikwa vitambaa vya kufuma.

Mama huketi mbele na mtoto mchanga mapajani, akidhani mikono yake yatosha. Haitoshi. Motokaa iendayo kilometa 50 kwa saa ikisimama ghafula kwa kugonga, uzito wa mtoto yule huwa mara nyingi kuliko ulivyo, wala hakuna mwanadamu awezaye kumshika. Na mfuko wa hewa wa mbele, ambao huokoa mtu mzima, waweza kumwua mtoto aliye karibu nao. Mahali pa watoto ni nyuma, kila mmoja na mkanda wake. Mchanga katika kiti chake cha kitoto kinachotazama nyuma, wala kiti hicho kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa. Na watu watano ni watano. Saluni haina nafasi ya mtoto wa sita, hata akiwa mwembamba.

Mtu akinunua motokaa ya bei ndogo kidogo, na kwa fedha iliyobaki akanunua tairi nne mpya, na kiti cha mtoto, na kutengeneza breki, huyo ameinunulia nyumba yake kitu kikubwa kuliko yule aliyemaliza yote katika rangi ya fedha na magurudumu ya kung'aa.

Hesabu Kabla ya Ufunguo

Wenye busara niliowasikiliza wamepatana katika neno moja: bei ya motokaa si bei ya motokaa. Wanasema, usitumie akiba yote katika kununua. Tenga sehemu moja katika tano kwa ajili ya miezi ya kwanza, maana motokaa iliyotumika hudai mara tu ifikapo: oili na vichungi, mafuta ya gia, tairi, betri, bushi, na shokapu. Tena kuna bima, na petroli ya kila mwezi, na fundi.

Mume na mke na waketi pamoja na karatasi. Waandike mshahara, waondoe chakula, ada, na msaada wa wazee. Kinachobaki ndicho chaweza kulisha motokaa. Kama hakitoshi, si aibu kungoja mwaka mmoja. Aibu ni mtoto kurudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, hali baba yake amemleta shuleni kwa saluni.

Basi wale waliouliza, jibu nililolipata kwa wengi ni hili. Chagua motokaa ambayo jirani zako wengi wanayo, kwa maana spea zake na mafundi wake wako karibu. Chagua injini ndogo iliyo rahisi, kuliko kubwa yenye sifa. Chagua iliyotunzwa, ijapokuwa ni ya zamani kidogo, kuliko mpya ya macho isiyo na historia. Yule mzee wa Pijo naye aliponiaga alikubali nusu ya maneno haya, akaongeza lake: "Motokaa yoyote humheshimu yule amwagaye oili kwa wakati wake."

Kama kuna msomaji aliye na ujuzi mwingine, hasa wa njia za milimani na za mchanga, na atuandikie, tupate kuwafaidia wenzetu.